Haut-Katanga na Lualaba: Mwanafunzi aone kiwanda kabla ya kuchagua opsio

Kila siku malori yaliyobeba katode za shaba, yale mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, hupita Kolwezi, Likasi na Lubumbashi yakielekea mpaka wa Kasumbalesa. Watoto wa shule huyaona asubuhi wakienda darasani, na tena mchana wakirudi nyumbani. Lakini ukimuuliza mwanafunzi wa darasa la nane ni nani anayetengeneza katode hizo, mara nyingi atakutajia kreseri, mtu mwenye sururu na mfuko begani. Kazi zilizo nyuma ya ukuta wa kiwanda hazijui, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mwishoni mwa darasa la nane, mtoto wa miaka 13 au 14 hufanya mtihani wa kitaifa wa kuelekeza masomo, unaojulikana kama TENASOSP, kisha huchagua opsio atakayoisoma kwa miaka 4 ya humanite hadi mtihani wa serikali. Chaguo hilo moja linaweza kumfungulia mlango wa kiwanda cha kisasa au kumfungia. Na watoto wengi wa Katanga hulifanya bila kuwahi kuingia hata katika kiwanda kimoja.

Kuna kazi gani ndani?

Tuchukue safari ya jiwe la shaba katika kiwanda cha kawaida cha Lualaba au Haut-Katanga. Jiwe hupondwa, kisha husagwa katika kinu kikubwa kinachozunguka hadi liwe unga. Unga huo huchanganywa na asidi ya sulfuriki ili shaba iyeyuke na kutoka katika udongo. Maji hayo yenye shaba husafishwa kwa kemikali, halafu hupitishwa umeme katika mabeseni marefu. Shaba hujishika kwenye bamba, siku baada ya siku, hadi bamba linakuwa katode yenye usafi wa asilimia 99.99.

Katika kila hatua kuna mtu na ufundi wake. Kwenye kinu yupo mekanisia anayesikiliza mashine na kubadilisha sehemu kabla hazijavunjika. Kwenye matangi ya asidi yupo fundi wa vipimo, anayehakikisha vifaa vya kupima joto, kiasi cha asidi na mwendo wa maji vinasema kweli. Katika maabara yupo mkemia anayepima sampuli mchana na usiku, maana kosa dogo katika vipimo linaweza kuharibu mzigo mzima. Kwenye mabeseni yupo fundi umeme. Na katika chumba cha udhibiti wapo vijana wanaokaa mbele ya skrini, wakifungua na kufunga pampu zilizo mbali kwa kubonyeza tu kompyuta.

Ongeza hapo wachomeleaji wa vyuma, mafundi wa mashine za kukereza, wasimamizi wa usalama kazini, wataalamu wa mazingira, watunza ghala na watu wa hesabu za uzalishaji. Hizi ndizo kazi za kiwanda cha leo. Nyingi hazihitaji nguvu za mwili kuliko kazi nyingine za mjini. Zinahitaji hesabu, kemia, fizikia, uangalifu na uwezo wa kusoma maelekezo ya mashine.

Wala si migodini peke yake. Kiwanda cha bia cha Brasimba, Lubumbashi, kinahitaji watu wa umeme, wa mitambo na wa maabara, kama vile vinu vya unga, viwanda vya chokaa na karakana za kutengeneza vipuri. Fundi anayejua kurekebisha pampu ya asidi anaweza pia kujifunza kurekebisha pampu ya kiwanda cha vinywaji. Ndiyo maana ufundi huu una maisha marefu kuliko mgodi wowote.

Hofu ya wazazi ina historia

Wazazi wengi mjini Lubumbashi wakisikia neno kiwanda hawachangamki, na wana sababu zao. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na tanuru lake la Lubumbashi likaanza kutoa shaba mwaka 1911. Serikali ilipoichukua kampuni mwaka 1967, ikazaliwa ile tunayoijua leo kama Gécamines. Kwa miongo mingi kampuni hiyo iliitwa baba na mama: ilitoa nyumba, unga, hospitali na shule. Mtoto wa mfanyakazi alijua atakwenda wapi.

Kisha baba akaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, nchi ikaingia katika misukosuko ya kisiasa, na uzalishaji ukashuka hadi makumi machache ya maelfu ya tani. Mwaka 2003 ulianza mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka. Familia nyingi bado zinasimulia jinsi pesa ile ilivyoisha.

Mzazi aliyepitia hayo akimwambia mwanawe asome sheria au udaktari, hakosei kutaka usalama. Lakini hali imebadilika tangu wakati huo. Mwaka 2024 Congo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba na ikawa ya pili duniani baada ya Chile. Takriban robo tatu ya kobalti iliyochimbwa duniani mwaka huo ilitoka hapa kwetu. Viwanda vipo. Swali ni nani atakayekaa katika chumba cha udhibiti, na nani atakayebaki getini akisubiri kibarua cha siku moja.

Karatasi ya darasa la nane

Katika shule zetu opsio zinazojaza watu haraka ni pedagojia, komersiale na kemia-biolojia. Si masomo mabaya. Lakini mwanafunzi anayetamani kazi ya kiwanda anapaswa kujua kwamba njia zake ziko zaidi katika hesabu-fizikia na katika humanite za ufundi: mekaniki, umeme, elektroniki, kemia ya viwandani, metalurjia. Aliyemaliza opsio yenye hesabu kidogo atapata shida sana kufaulu katika kitivo cha politekniki cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hata awe na akili namna gani.

Tatizo jingine ni jina baya la shule za ufundi. Katika familia nyingi, shule ya ufundi ni mahali pa kumpeleka mtoto aliyeshindwa kwingine. Matokeo yake ni kwamba mwenye kichwa cha hesabu anasukumwa mbali na mashine, na asiyependa hesabu anasukumwa kuelekea mashine ambazo leo zinaendeshwa kwa hesabu. Wote wawili wanapoteza.

Shule nzuri za ufundi zipo na zina sifa ya muda mrefu. Lubumbashi kuna Salama na Cité des Jeunes, kazi ya mapadri wa Don Bosco. Kolwezi kuna Institut Technique Mutoshi. Kwa waliokwisha maliza shule, au walioacha njiani, kuna INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Tawi lake la Lubumbashi limepata msaada wa Japani kwa majengo na vifaa.

Lakini shule chache haziwezi kubeba majimbo mawili. Katika shule nyingine, hasa nje ya miji, opsio ya mekaniki hufundishwa kwa chaki. Mwalimu anachora mashine ya kukereza ubaoni, wanafunzi wanainakili kwenye daftari, na mwaka unakwisha bila mtu kugusa chuma. Mwanafunzi huyo akifika kwenye staji anaogopa mashine, na msimamizi wa kiwanda anampa ufagio. Wiki 4 zinapita hivyo, cheti cha staji kinapigwa muhuri, na hakuna alichojifunza.

Betri: ahadi na tahadhari

Tangu mwaka 2021 neno betri limekuwa likisikika katika kila mkutano. Mwezi wa Novemba mwaka huo, katika kongamano la biashara lililofanyika Kinshasa, uliwasilishwa utafiti wa BloombergNEF kuhusu kiwanda cha kutengeneza unga unaotangulia betri, kwa kuchanganya kobalti, nikeli na manganizi. Kujenga kiwanda cha tani 10,000 hapa Congo kungegharimu dola milioni 39, karibu theluthi moja ya gharama ya kukijenga Marekani. Mwezi wa Aprili 2022 kituo cha utafiti wa betri kilizinduliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na mwezi huohuo Congo na Zambia zikatia saini mkataba wa kushirikiana katika kazi hiyo.

Ni habari njema, lakini mwanafunzi aambiwe ukweli wote. Kobalti yetu bado inaondoka hasa kama haidroksaidi, unga wa hatua ya katikati, na sehemu kubwa husafishwa China. Soko lake linapanda na kushuka: mwezi wa Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na mwezi wa Oktoba ikaanza kugawa viwango maalumu kwa kampuni. Tena, kuna aina za betri zinazotengenezwa kwa chuma na fosfati, bila kobalti kabisa.

Kwa hiyo si busara kumwambia mtoto asome ili aje kufanya kazi katika kiwanda cha betri ambacho hakijajengwa. Ni afadhali asome umeme, kemia au mitambo, ufundi unaofaa katika kiwanda cha shaba leo na cha betri kesho. Na shaba itaendelea kutakiwa, kwani gari la umeme linabeba shaba nyingi zaidi kuliko gari la petroli.

Mifano ya kazi mpya iko karibu. Karibu na Kolwezi, kampuni ya Kamoa-Kakula imejenga tanuru la kuyeyusha shaba lenye uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka, lililoanza kupashwa moto mwishoni mwa 2025. Gesi ya salfa inayotoka katika kuyeyusha hugeuzwa asidi, ileile inayotakiwa na viwanda vingine vya jirani. Hapo kuna kazi ambazo miaka 10 iliyopita hazikuwepo.

Na Lubumbashi kwenyewe, ule mlima mweusi wa masalio ya shaba, ambao kila mtoto wa mji ameuchora shuleni pamoja na bomba lake la moshi, umegeuka kuwa mali. Kampuni ya STL, iliyo chini ya Gécamines, inachakata masalio hayo, na mwezi wa Oktoba 2024 ilipeleka nje shehena ya kwanza ya mchanga wenye jerimani. Madini hayo hutumika katika nyaya za intaneti za kioo na katika kamera zinazoona joto gizani. Ni somo zima la kemia, na linaonekana kutoka dirishani mwa darasa.

Wasichana wasiachwe nje

Darasa la mekaniki lenye wasichana 2 kati ya wavulana 30 si jambo la ajabu kwetu. Watu bado wanadhani kiwanda ni kubeba vitu vizito. Lakini kazi ya maabara, ya vipimo na ya chumba cha udhibiti haiulizi nani ana misuli.

Congo ina mfano wake. Mwaka 2013, mhandisi Thérèse Izay na wenzake waliweka barabarani Kinshasa roboti zilizotengenezwa nchini za kuongoza magari, zenye mwili wa alumini, kamera na nguvu ya jua. Baadaye roboti hizo zilifika hata Lubumbashi. Dereva wa teksi aliyesimama mbele ya mkono wa roboti alisimama mbele ya kazi ya mwanamke mhandisi wa Kikongo, ajue asijue. Msichana wa darasa la nane anastahili kuambiwa hivyo kabla hajachagua.

Pesa inaweza kutoka wapi?

Mara nyingi mjadala huu huishia kwa kusema serikali haina pesa. Lakini sheria imekwisha fungua mlango. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa Machi 2018 inataka kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Pesa hiyo husimamiwa na chombo ambamo wawakilishi wa jamii wana viti. Mbali na hiyo, kila kampuni inapaswa kukubaliana na wenyeji juu ya orodha ya ahadi za miaka 5. Na asilimia 15 ya mrabaha wa madini ni ya mji, sekta au utawala wa kimila ambamo mgodi upo.

Wenyeji wanapokaa mezani kuzungumzia fedha hizo, kwa kawaida huomba visima, zahanati, barabara na madarasa. Yote yanahitajika. Lakini mara chache mtu huomba karakana ya shule yenye mashine 2 za kukereza, meza ya umeme na maabara ndogo. Wala mara chache mtu huomba jambo lisilo na gharama kubwa: kwamba kila mwaka, kabla ya TENASOSP, wanafunzi wa darasa la nane wa shule za jirani wapokelewe kiwandani kwa siku moja.

Ziara hiyo isiwe matembezi ya kupiga picha. Kwanza waende walimu peke yao, maana mwalimu asiyekijua kiwanda hawezi kukieleza. Kisha waende wanafunzi kwa makundi madogo, wamevaa kofia ngumu, buti na miwani, wakianzia maabara, karakana na chumba cha udhibiti, mbali na asidi. Mwenye kuwapokea asiwe mkubwa wa mawasiliano. Awe fundi kijana, aliyesoma shule kama yao, anayezungumza nao Kiswahili, na anayekubali kuulizwa maswali ya kweli: Ulisoma opsio gani? Unaingia kazini saa ngapi? Umeajiriwa na kampuni yenyewe au na mkandarasi? Umewahi kuumia?

Swali la mkandarasi lina maana kubwa. Viwandani wafanyakazi wengi wako chini ya kampuni ndogo za huduma, na mikataba yao mara nyingi ni mifupi. Sheria ya mwaka 2017 inataka huduma hizo zitolewe na kampuni zenye mtaji ulio hasa mikononi mwa Wakongomani. Hiyo ni nafasi kwa kijana anayetaka kufungua karakana yake mwenyewe, lakini pia ni jambo la kuangalia kabla ya kusaini. Na asisahau lugha: katika viwanda vyenye wenyeji wa China au wa nchi nyingine, maelekezo ya mashine huandikwa kwa Kiingereza au Kichina. Kifaransa peke yake hakitoshi tena.

Mzazi afanye nini mwaka huu?

Mwenye mtoto katika darasa la nane hahitaji kungoja mpango wa serikali. Anaweza kufanya mambo 4. La kwanza, aangalie alama za hesabu na za sayansi tangu mwanzo wa mwaka, si mwezi wa mwisho. La pili, atembelee shule anayotaka kumpeleka mtoto na aombe kuingia karakana: je, kuna mashine, zinafanya kazi, na wanafunzi wanazigusa mara ngapi kwa wiki? La tatu, amtafute jirani au ndugu anayefanya kazi kiwandani akae na mtoto Jumapili moja na kumweleza siku yake inavyokwenda. La nne, kupitia kamati ya wazazi, amwombe mkuu wa shule aandike barua kwa kampuni ya jirani kuomba ziara, na nakala ipelekwe kwa chifu au kwa meya, ili barua isije ikasahaulika mezani.

Kampuni nazo zina faida yao. Kumleta fundi kutoka ng'ambo, kumpa nyumba na tiketi ya ndege, ni ghali kuliko kumfundisha kijana wa Likasi aliyezaliwa kilomita chache kutoka kiwandani. Kijana huyo hataondoka mkataba wa miaka 2 ukiisha.

Watoto wanaoingia darasa la nane mwaka huu watakuwa na miaka 17 au 18 watakapopata diploma ya serikali. Yaani mafundi na wahandisi watakaoendesha viwanda vya Kolwezi na Lubumbashi katika miaka 10 ijayo wako madarasani sasa hivi, na karatasi ya opsio bado haijajazwa.